Mkono Juu ya Kichwa cha Kinanda

Mume wa Fundi alipolala kitandani kwa miaka miwili, upande mmoja wa mwili umekufa na wa pili ukisubiri zamu yake, kanisa zima lilikuja kumwombea. Walikuja kwa makundi, wakashikana mikono, wakaimba, wakalia, wakanywa chai, wakaaga. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Dada, kajilaze kidogo, mgonjwa nitamgeuza mimi."

Fundi hakuwalaumu. Yeye hakujua kuliomba jambo hilo, nao hawakujua kulitoa. Lakini mzee wake alikuwa ameshazikwa miezi minane, cherehani ya Fundi imeanza tena kulia pale dirishani, siku Nesi aliposimama baada ya matangazo na kusema anatafuta watu wa kukaa na watoto wenye ulemavu kila Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ili wazazi wao wapate kupumua. Fundi alinyoosha mkono haraka hata miwani ikamdondoka.

Nesi huyo alikuwa mstaafu wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayetembea kama mtu aliyeitwa. Alichukua ukumbi wa nyuma ya kanisa, akatoa viti vyote, akatandika magodoro manne ya mpira kando ya ukuta, akaweka beseni, taulo, na kabati la nepi za kitambaa ambazo Fundi alizishona kwa mashuka makuukuu. Mlangoni alibandika kanuni tatu kwa maandishi makubwa. Nawa mikono. Usimwache mtoto peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Usimwekee mtoto mikono na kumwombea kama mzazi hajakuomba.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyozua maneno. Makanika, bwana mnene aliyekuwa rafiki wa marehemu na aliyejitolea kutengeneza viti vya magurudumu, aliisoma mara mbili.

"Nesi, hii ni gereji gani isiyoruhusu kufungua boneti?"

"Hii si gereji," Nesi akamjibu. "Na hao si magari mabovu."

Makanika akajikuna kisogo. "Haya, yaishe. Shemeji, umeona nilivyopigwa breki?"

Fundi alicheka. Kwake kanuni ile haikuwa na uzito. Aliiona kama zile ilani za hospitali za kukataza kelele, ambazo humhusu mtu mwingine.

Jumamosi ya nne tangu kazi ianze alikuja mama mmoja amembeba mgongoni mtoto wa miaka minane. Miguu ya mtoto ilikuwa mirefu, imekakamaa, ikining'inia mpaka karibu na magoti ya mama. Mama mwenyewe alitembea upande upande. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo. Hasemi, hakai bila kuegemezwa, na akifurahi huvuma kwa sauti moja ndefu, mmm, kama kinanda ambacho mtu amesahau kidole juu yake. Ndiyo maana nyumbani walimwita Kinanda, na mama akawa Mama Kinanda.

Hakumshusha mtoto. Alisimama mlangoni akasoma kanuni zote tatu, kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Hii ya tatu ni ya kweli au ni ya ukutani tu?"

"Ni ya kweli," alisema Nesi.

"Kwa sababu mara ya mwisho kumwachia watu wa dini walikesha wakiomba, halafu wakamvuta miguu ili asimame. Bega likateguka. Mwezi mzima alikuwa akisikia wimbo wa kanisa analia. Mwanangu, anayependa nyimbo kuliko chakula." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Sikuja kwa sababu nawaamini. Nimekuja kwa sababu mgongo umekataa. Daktari amenipangia mazoezi ya mgongo Jumamosi sita mfululizo. Kasema nikikosa mbili mfululizo nafasi yangu anapewa mwingine, na nisipoyafanya, mwaka huu huu nitashindwa kumnyanyua huyu. Sasa kilo ishirini na moja. Nikishindwa mimi, nani atamnyanyua?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Makanika akajaribu kuchangamsha hali.

"Basi cha mvunguni nimeshakikosa, baba. Siinami tena."

Hapo hata Nesi alicheka. Lakini Mama Kinanda hakuingia ndani mpaka kila mmoja amejibu kwa mdomo wake. Makanika akasema hataomba. Nesi akasema hataomba. Zamu ya Fundi ilipofika, alisema, "Mwanangu, mimi pia nimeuguza. Ondoa shaka." Baadaye alikuja kukumbuka kwamba hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

Kinanda akawa mtoto wa Fundi. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu kwamba Fundi alikuwa na mikono ya subira. Alijifunza kumkalisha pembeni kwenye paja, kichwa kikiegemea kiwiko, na kumlisha viazi vilivyopondwa kwa ncha ya kijiko, kidogo kidogo, akingoja koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Sahani moja ilichukua muda wa kushona suruali. Alijifunza kwamba Kinanda hapendi kuguswa nyayo, kwamba akigeuzwa upande wa kushoto huwekewa mto chini ya goti, na kwamba mlio wa kitasa humchekesha mpaka anapaliwa. Jumamosi mbili zilipita hivyo. Jumamosi ya pili Mama Kinanda alirudi akitembea wima zaidi, akamkuta mtoto ameshiba na amekaushwa, akasema "Asante" kama mtu anayelijaribu neno kuona kama bado linafanya kazi.

Ya tatu ndiyo iliyoharibika.

Asubuhi ile mtoto mmoja alikuwa anatapika na Nesi alikuwa naye kwenye beseni. Makanika alikuwa uani, kichwa chini ya kiti cha magurudumu. Fundi alikuwa amemaliza kulisha, amempakata Kinanda, anamfuta kidevu, mara vidole vya mtoto vikakishika kidole gumba chake na kukibana. Vilibana kwa nguvu, kama mtu anayetaka kusema jambo.

Kuna kitu Fundi hakuwahi kumwambia mtu. Siku mbili kabla ya kufariki, mzee alimbana hivyo hivyo kidole gumba kwa mkono ule uliokufa. Mkono uliokuwa umelala miaka miwili! Fundi aliuona, akausikia. Lakini alikuwa hajalala usiku tatu, macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Alisema, "Acha nilale kidogo, mzee," akautoa mkono wake, akalala. Alipoamka vidole vilikuwa vimelegea, na havikubana tena. Tangu siku ile aliamini kwamba mlango ulifunguliwa kidogo, na kama angepiga magoti wakati ule ule, badala ya kulala kama gogo, mzee angeinuka.

Basi Kinanda alipombana, Fundi hakuwaza kanuni. Hakumwaza hata Kinanda. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe juu ya kichwa cha mtoto, macho yakafumba, na maneno yakatoka, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa machozi. "Baba, mfungue. Mfungue kiumbe wako. Mwinue asimame, leo, sasa hivi, usipite, usipite tena…" Alikuwa akitikisika, na mkono uliokuwa juu ya kichwa ukatikisika naye. Kinanda alianza kulia. Fundi hakusikia.

Alichosikia ni sauti nyuma yake.

"Nani kakwambia amefungwa?"

Mama Kinanda alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Mazoezi yalikwisha mapema siku hiyo. Alikuwa na karatasi mkononi, na usoni bado palikuwa na mabaki ya tabasamu alilokuja nalo.

"Mwanangu, nilikuwa…"

"Usiniite mwanangu. Mpe huyo hapa."

Alimchukua mtoto kwa mikono yote miwili, akainama vibaya kumnyanyua, na wote waliokuwemo ukumbini wakamwona anauma mdomo kwa maumivu ya mgongo. Nesi alikuja mbio na mikono inadondosha maji. Mama Kinanda akamwambia tu, "Na ninyi ni wale wale," akatoka. Kilio cha Kinanda kiliendelea kusikika njia nzima ya changarawe mpaka getini.

Makanika aliingia na spana mkononi, akauliza kuna nini. Nesi akamwashiria mlango kwa kichwa. Akarudi uani polepole.

"Sikuwa na nia mbaya," Fundi alisema.

"Najua." Nesi alikuwa akikausha mikono, kidole kimoja baada ya kingine. "Dada, kanuni ya tatu haikuandikwa kwa ajili ya watu wabaya. Watu wabaya hawaji hapa Jumamosi kufuta matapishi. Iliandikwa kwa ajili yetu sisi."

"Kwani kuomba ni dhambi?"

"Umeomba huku mtoto analia. Ulimsikia?"

Fundi akaokota sahani ya Kinanda, akaenda kuiosha.

Jumamosi iliyofuata Mama Kinanda hakuja. Nesi alimpigia simu mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipopokea, akasema mazoezi hakwenda, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mtoto, na hataki kubembelezwa. Tayari Jumamosi moja ilikuwa imekosekana. Ikikosekana ya pili, nafasi yake imekwenda.

Fundi hakulala vizuri wiki ile. Mchana alishona mikono ya gauni la mteja kinyume, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, akafumua, akashona tena kinyume vile vile. Ijumaa alasiri alifunga cherehani, akaenda kwa Nesi kuomba kuelekezwa nyumba.

"Nenda," alisema Nesi, akimchorea njia kwenye kipande cha gazeti. "Lakini usiende kama kanisa. Nenda wewe."

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dobi, joto la pasi likipenya ukutani pamoja na harufu ya wanga. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili mama asiiname sana. Kinanda alikuwa juu yake, kati ya mito, akitazama pazia likicheza. Mama Kinanda alikuwa nje kibarazani amepiga magoti mbele ya beseni, anafua nepi akiwa wima kama mtu aliyemeza ufagio. Hivyo ndivyo mgongo ulivyomruhusu kufua.

"Hodi," alisema Fundi.

Mwanamke yule alimtazama, akaendelea kufikicha. Mlango wa jirani ulifunguka, akatokea bibi mmoja mwenye sauti ya tarumbeta. "Nani huyo? Ndiye yule?"

"Ndiye, bibi."

"Ala! Na miguu ya kuja anayo?"

"Shikamoo, mama," Fundi alimwamkia.

"Marahaba, lakini usidhani salamu yako imenilainisha," alisema bibi, akavuta kigoda, akaketi kusikiliza.

Fundi alisimama na mkoba wake kifuani. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekwisha kama maji kwenye mchanga. "Nikusaidie kufua?"

"Ukifua, maji nayo utayaombea?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Fundi alikubali kwamba amestahili. Aliweka mkoba chini, akapiga magoti upande wa pili wa beseni, akachukua nepi moja bila kuambiwa. Alizijua nepi zile. Mishono ilikuwa ya mkono wake. Walifua nepi tatu nne.

"Sikumwombea mtoto wako," Fundi alisema hatimaye, macho kwenye povu.

"Masikio yangu yalikuwepo."

"Mdomo ulimtaja yeye. Lakini nilikuwa naomba kwa ajili ya mume wangu." Akamweleza. Miaka miwili, kidole gumba, usiku tatu bila usingizi. Akamweleza kwamba aliutoa mkono wake na kulala. Hakuwahi kuyasema maneno yale kwa sauti, na alipoyasikia yakitoka alishangaa jinsi yalivyokuwa machache. "Mtoto aliponishika, nikadhani nimepewa tena nafasi niliyoipoteza. Nikamfanya daraja la kupitia mimi. Alikuwa analia na sikumsikia. Hilo ndilo nililokuja kukuomba unisamehe. Siombi zaidi."

Mama Kinanda aliacha kufikicha.

"Ulilala muda gani?"

"Siku ile? Labda saa moja."

"Saa moja." Akatikisa kichwa. "Mimi nimelala juzi huyu akiwa na homa. Niliamka nikamkuta kaanguka kati ya kitanda na ukuta, ananitazama tu. Halii. Ananitazama." Akakamua nepi, akaikamua tena ingawa maji yalikuwa yamekwisha. "Mtu akichoka, amechoka, mama. Mzee wako hakufa kwa sababu ulilala."

Fundi akaendelea kufikicha nepi iliyokuwa imeshatakata.

"Sikiliza," aliendelea Mama Kinanda, na sasa sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayepatana kazi. "Watu wote wananiombea mtoto mwingine. Mtoto anayetembea, anayesema. Mimi mtoto ninaye. Nataka mgongo. Kesho saa tatu natakiwa kule, na nikikosa basi. Utakaa naye hapa hapa kwangu, siyo kule kwenu. Mlango wazi. Bibi atakaa kibarazani."

"Nitakaa na mwiko," alisema bibi.

"Na mdomo wangu nitaufunga," Fundi aliahidi upesi.

"Usiufunge. Akikaa na mtu bubu analia. Ongea naye. Lakini ongea na yeye, kama unavyoongea na mtu."

Asubuhi iliyofuata Fundi alifika kabla ya saa mbili. Mama Kinanda alimwonyesha mara mbili mahali pa kila kitu, akatoka, akarudi, akatoka tena. Bibi alikuwa kibarazani, mwiko kweli uko mapajani.

Kuongea na Kinanda kulikuwa kugumu kuliko kumlisha. Fundi alizoea kusema na watoto wale maneno ya juu juu, haya kula mama, aa, mzuri. Sasa alimketisha pajani na hakujua pa kuanzia. Alimwambia habari za hali ya hewa. Alimweleza tofauti ya uzi wa pamba na wa nailoni. Kinanda alitazama pazia. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, Fundi akasema, "Nilikuwa na mume. Mbishi huyo!"

Macho ya mtoto yakageuka.

"Siku moja tumegombana. Akasema, kushona ni kazi gani ya kumfanya mtu ajivune? Akasubiri niende sokoni, akakaa kwenye cherehani kupunguza suruali yake. Narudi namkuta amesimama chumbani, mguu mmoja umeingia, wa pili hauna pa kupita. Ameshona miguu yote miwili ikawa mfuko mmoja. Na hakukiri! Akaniambia, huu ni mtindo mpya."

"Mfuko mmoja!" bibi alipaza sauti kutoka kibarazani. "Halafu akafanyaje?"

"Akaruka ruka nayo mpaka kitandani, bibi, kama chura."

Kinanda alivuma. Ilianza chini, ikapanda, ndefu, mpaka mwili wote ukatetemeka nayo. Fundi akamweleza na mengine. Jinsi mzee alivyokoroma, jinsi alivyoficha miwani ya Fundi ili asisomewe barua za ndugu zake, jinsi alivyopiga mluzi akinyoa ndevu. Alikuwa hajamtaja mzee kwa miezi mingi isipokuwa akiwa kitandani, upande mmoja umekufa. Kumbe alikuwa amemsahau yule aliyekuwa mzima. Mara mbili machozi yalimjia, akayafuta kwa bega bila kuacha kusimulia, kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto na kijiko.

Mama Kinanda aliporudi alimkuta anamlaza Kinanda upande wa kushoto. Alisimama mlangoni akakagua kwa macho: sahani, nepi, mto, uso wa mtoto. Akaenda akaugusa ule mto, akausogeza kidogo, labda ili tu awe ameusogeza.

"Wamenipokea," alisema. "Zimebaki mbili, pamoja na ile niliyoikosa."

"Namshukuru…" Fundi akasita.

"Mshukuru tu. Kushukuru sikukukataza." Akavua viatu kwa kusukumana miguu bila kuinama. "Jumamosi ijayo nitamleta ukumbini. Bibi kasema hakulindi tena. Umemchekesha mpaka kikohozi kimeamka."

"Lakini mwambie ile ya barua hajaimaliza!" alidakia bibi kutoka nje.

Mama Kinanda alitandika kanga sakafuni, akashuka kwa hatua, mkono kitandani, goti, kiuno, mpaka akalala chali. Alisema ameagizwa afanye mazoezi mara ishirini kila anaporudi. Akakunja goti moja kuelekea kifuani, akaanza kuhesabu kwa sauti. Fundi alimgeuza Kinanda ili aweze kumwona mama yake pale chini. Mtoto alitazama goti likipanda na kushuka, na kwenye tano akaanza kuvuma. Kwenye tisa mama alicheka, akapoteza hesabu, akaanza tena moja.